Nguvu ya Kitu Kiangukacho: Mgogoro wa Neno Moja katika Historia ya Fizikia

Utangulizi

Mkwezi akiwa juu ya mnazi huwaonya walio chini wajitenge, maana nazi huja kwa nguvu. Katika mazungumzo ya namna hiyo neno nguvu latosha, wala hapana msikilizaji atakayeuliza ni nguvu ya aina gani. Lakini mtu akitaka kuipima nguvu hiyo kwa hesabu, hukabiliwa mara moja na swali ambalo lugha ya kila siku haikujiandaa kulijibu. Nazi mbili zina uzito sawa, na moja yagonga ardhi kwa kasi iliyo maradufu ya kasi ya mwenziwe. Je, nguvu yake ni maradufu, au ni mara nne?

Swali hili liliwagawa wataalamu wa Ulaya kwa muda upatao nusu karne na zaidi, kuanzia mwaka 1686. Waliohitilafiana hawakuwa watu wa elimu haba. Miongoni mwao walikuwamo Leibniz, Clarke, Mairan, 's Gravesande, Émilie du Châtelet na d'Alembert. Wote walikubaliana juu ya yale yaonekanayo kitu kiangukapo, na hesabu zao, kwa sehemu kubwa, zilikuwa sahihi. Walichokosa ni maneno mawili kwa vitu viwili.

Madhumuni ya makala haya ni kuifuata historia ya mgogoro huo hatua kwa hatua na kuonyesha jinsi ulivyotatuliwa, kwanza kwa majaribio na baadaye kwa istilahi. Mwishoni yatatazamwa maneno ambayo Kiswahili kimejiwekea katika uwanja huohuo, yaani nguvu, kani, kawi na nishati.

Urithi wa Descartes

Katika kitabu chake cha Principia Philosophiae kilichotoka mwaka 1644, René Descartes alieleza kwamba Mungu alipoiumba dunia aliitia kiasi maalumu cha mwendo, na kwamba kiasi hicho hakipungui wala hakizidi. Kitu kimoja kikipoteza mwendo, kingine huupokea. Kipimo chake kilikuwa ukubwa wa kitu ukizidishwa kwa kasi yake, na kipimo hicho akakiita wingi wa mwendo.

Wazo hilo lilikuwa kubwa, nalo lingali hai katika fizikia ya leo. Hata hivyo lilikuwa na kasoro moja ya msingi. Descartes aliihesabu kasi bila kuujali mwelekeo. Kwake yeye, mpira uliogonga ukuta na kurudi ulipotoka ulikuwa na wingi uleule wa mwendo kama kwamba hapakutokea jambo. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa mnamo 1668 na 1669, pale Wallis, Wren na Huygens walipowasilisha mbele ya Royal Society ya London kanuni zao za migongano. Ilidhihirika kwamba wingi wa mwendo huhifadhika iwapo tu mwelekeo umehesabiwa, ili mwendo wa kwenda kulia na ule wa kwenda kushoto uweze kufutana. Wingi huo uliorekebishwa ndio uitwao momenta siku hizi.

Huygens aliona na jambo la pili, ambalo uzito wake haukutambuliwa mara moja. Vitu vigumu vigonganapo na kurukiana bila kubonyea, jumla ya ukubwa wa kila kimoja ukizidishwa kwa mraba wa kasi yake haibadiliki. Basi hata kabla ya ugomvi kuanza palikuwapo hesabu mbili, na kila moja ilidai kuhifadhika.

Hoja ya Leibniz

Mwaka 1686 Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha makala mafupi katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, akidai kwamba Descartes alikuwa ametenda kosa la kukumbukwa. Ushahidi wake ulihusu kuanguka kwa vitu.

Leibniz alianza na mambo mawili ambayo wafuasi wa Descartes wenyewe waliyakubali. Kwanza, kitu kiangukacho hupata nguvu ya kutosha kukirudisha juu hadi urefu kilikotoka, ikiwa hakuna kizuizi. Pili, nguvu ihitajiwayo kuinua ratili moja hadi dhiraa nne ni sawa na ile ihitajiwayo kuinua ratili nne hadi dhiraa moja. Kutokana na hayo, ratili moja iliyoanguka dhiraa nne na ratili nne zilizoanguka dhiraa moja lazima ziwe na nguvu sawa zifikapo chini.

Hapo ndipo alipoitumia kanuni ya Galileo, iliyochapishwa mwaka 1638, isemayo kwamba umbali wa kuanguka hukua kwa mraba wa muda. Kwa kanuni hiyo, kitu kilichoanguka dhiraa nne hufika chini kwa kasi mbili tu za kile kilichoanguka dhiraa moja. Tukizidisha kama alivyofanya Descartes, ratili moja kwa kasi mbili ni mbili, na ratili nne kwa kasi moja ni nne. Wingi wa mwendo hauko sawa, ingawa nguvu ilikwisha kukubaliwa kuwa ni sawa. Lakini tukizidisha kwa mraba wa kasi, upande mmoja ni moja kwa nne na upande wa pili ni nne kwa moja, na pande zote mbili zawa nne. Leibniz akahitimisha kwamba kipimo cha kweli cha nguvu ni mraba wa kasi. Katika maandishi yake ya mwaka 1695 aliipa nguvu hiyo jina la Kilatini vis viva, maana yake nguvu hai, ili kuitenga na nguvu mfu, ambayo ni kama ile ya mzigo uliotundikwa na ambao haujaanza kushuka.

Wafuasi wa Descartes hawakunyamaza. Mwaka uleule wa 1686 Abbé Catelan alijibu kwamba Leibniz ameusahau muda. Kitu kiangukacho dhiraa nne huchukua muda maradufu ya kile kiangukacho dhiraa moja, na nguvu mbili haziwezi kulinganishwa ikiwa muda wake wa kutenda si mmoja. Ukiuzingatia muda, kasi hukua kwa kadiri ya muda, na kipimo cha Descartes chasimama.

Msomaji wa leo aweza kuona kwa urahisi walipopishana. Hebu lichukuliwe jiwe la kilo 1 liangukalo bila kizuizi. Baada ya sekunde 1 limeshuka mita 4.9 na lina kasi ya mita 9.8 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 limeshuka mita 19.6 na lina kasi ya mita 19.6 kwa sekunde. Muda umekuwa maradufu, na momenta imekuwa maradufu. Umbali umekuwa mara nne, na nishati yake imekuwa mara nne, kutoka jouli 48 hivi hadi 192. Uzito wa jiwe ukizidishwa kwa muda wa kuanguka hutoa momenta, nao ukizidishwa kwa umbali wa kuanguka hutoa nishati. Catelan aliuliza swali la muda na Leibniz aliuliza swali la umbali. Kila mmoja alipata jibu lililo sahihi kwa swali lake, kisha akalipa jibu hilo jina lilelile, nguvu, na kumshutumu mwenziwe kuwa amekosea.

Ushahidi wa udongo

Katika karne ya kumi na nane mjadala ulihamia kwenye vyumba vya majaribio. Mwaka 1718 Giovanni Poleni wa Padua alieleza jinsi alivyoangusha tufe zenye uzito mbalimbali katika shahamu iliyoganda. Mwaka 1722 Willem 's Gravesande, mwalimu wa chuo kikuu cha Leiden, aliangusha tufe za shaba katika udongo laini wa mfinyanzi. Tufe hizo zilikuwa na ukubwa mmoja lakini uzito tofauti. 's Gravesande aliona kwamba, urefu wa kuanguka ukipunguzwa kwa kadiri uzito unavyozidi, mashimo yote katika udongo huwa sawa. Tufe yenye uzito mara tatu, iliyoangushwa kutoka theluthi ya urefu, huacha shimo lilelile.

Matokeo hayo yaliuunga mkono mraba wa kasi. Jambo la kuheshimika ni kwamba 's Gravesande hapo kwanza alikuwa mfuasi wa kipimo cha zamani, naye aliyaacha maoni yake baada ya kuutazama udongo. Hakusifiwa na wote. Mwaka 1728 Samuel Clarke, Mwingereza aliyekuwa amekwisha kubishana na Leibniz kwa barua, alichapisha shambulio kali dhidi ya wote waliokubali nguvu hai. Kwa wakati huo upande wa mtu katika suala hili ulielekea kufuata nchi yake na mwalimu wake, kiasi kwamba kumtetea Leibniz huko London kulikuwa karibu na kumkana Newton.

Nchini Ufaransa hoja hiyo ilipata mtetezi asiyetarajiwa. Émilie du Châtelet alichapisha mwaka 1740 kitabu kiitwacho Institutions de physique, na sura yake ya mwisho aliitenga kwa nguvu hai. Humo aliyachambua maandishi ya Jean-Jacques Dortous de Mairan, aliyekuwa ameitetea kanuni ya Descartes mwaka 1728, na akaonyesha mahali ambapo hoja zake hazikushikamana. Mairan, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa Académie des Sciences, alimjibu kwa barua ya hadharani mwaka 1741. Yeye naye akajibu mwaka huohuo, nukta kwa nukta. Voltaire, aliyekuwa mwandani wake na aliyeishi naye nyumba moja, alisimama upande wa Mairan. Mara nyingi husimuliwa kwamba du Châtelet ndiye aliyeziangusha tufe katika udongo. Majaribio hayo yalikuwa ya 's Gravesande. Kazi ya du Châtelet ilikuwa kuyafasiri, kuyapanga na kuyatetea mbele ya wasomaji wa Kifaransa. Alifariki mwaka 1749, mara baada ya kukamilisha tafsiri ya Kifaransa ya Principia ya Newton, ambayo ilichapishwa yote mwaka 1759.

Hata hivyo udongo haukuweza kuumaliza ugomvi peke yake. Shimo katika udongo hupima umbali ambao tufe imesafiri ikizuiwa, na kwa hiyo hapana ajabu kwamba linatoa jibu la umbali. Lau 's Gravesande angepima muda uliochukuliwa na tufe kusimama, badala ya kina cha shimo, angepata jibu la wapinzani wake. Kifaa kilijibu swali lililoulizwa kwa umbo lake chenyewe, nalo neno nguvu halikumwambia mtu ni swali lipi.

Je, ulikuwa ugomvi wa maneno tu?

Jean d'Alembert alifikiri hivyo. Katika dibaji ya Traité de dynamique, mwaka 1743, aliuita ugomvi huo mzozo wa maneno usiostahili kuwashughulisha tena wanafalsafa, na katika toleo la mwaka 1758 akalifafanua jambo hilo zaidi. Kwa maoni yake, mtu aweza kuupima uwezo wa kitu chenye mwendo kwa vizuizi kishindavyo katika umbali, au kwa vizuizi kishindavyo katika muda, na hapana ukinzani baina ya vipimo hivyo.

Hukumu hiyo imerudiwa katika vitabu vingi, lakini ni kweli nusu. Ni kweli kwamba neno moja lilibeba maana mbili. Si kweli kwamba baada ya kuzitenga maana hizo hapakubaki jambo la kuulizwa. Yalibaki maswali mawili mazito.

La kwanza lahusu momenta. Ikiwa momenta huhifadhika, ile ya jiwe liangukalo hutoka wapi? Mkononi jiwe halikuwa nayo, na likikaribia ardhi linayo tele. Jibu lapatikana katika Principia ya Newton, mwaka 1687. Kwa kanuni yake ya tatu, dunia ikilivuta jiwe, jiwe nalo huivuta dunia kwa kadiri ileile. Jiwe lipatapo momenta ya kushuka, dunia hupata momenta ileile ya kupanda, na jumla hubaki sifuri. Kwa kuwa dunia ina kilo zipatazo milioni milioni milioni milioni 6, kasi yake ya kulilaki jiwe ni ndogo mno kiasi cha kutopimika. Hapa ndipo tofauti ya vitu hivi viwili inapoonekana waziwazi. Momenta imegawanywa sawasawa baina ya jiwe na dunia, ilhali nishati yote, isipokuwa chembe isiyohesabika, iko katika jiwe. Ni sababu hiyo inayomfanya mtu aogope nazi inayomjia asiiogope ardhi inayoilaki nazi.

Swali la pili lahusu nishati. Tufe ya 's Gravesande iliposimama katika udongo, momenta yake ilipokewa na udongo, meza na dunia. Nguvu yake hai ilikwenda wapi? Leibniz alikuwa amejibu kwamba imetawanyika katika sehemu ndogondogo za vitu, lakini hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo. Uthibitisho ulichelewa kwa zaidi ya karne moja, nao pia ulitokana na vitu viangukavyo. James Prescott Joule alitumia mizigo iliyoshuka polepole ikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akapima maji yalivyopata joto. Katika taarifa yake ya mwaka 1850 alihitimisha kwamba ratili 772 zikishuka futi 1 hutoa joto la kutosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit. Kile kilichodhaniwa kuwa kimepotea udongoni kilikuwa kimegeuka joto. Jambo kama hilo halikuwa la maneno tu.

Kuzaliwa kwa istilahi

Inastaajabisha kwamba hata baada ya maana kutengana, majina yalichelewa kutengana. Mwaka 1807 Thomas Young, katika mihadhara yake iliyochapishwa London, alipendekeza neno litokanalo na Kigiriki energeia, ambalo asili yake ni kuwamo kazini, litumike kwa kile kilichoitwa nguvu hai. Mwaka 1829 Gaspard-Gustave Coriolis alilipa neno la Kifaransa travail maana ya kisayansi, yaani kazi iliyo sawa na kani mara umbali, na akaigawa nguvu hai kwa mbili ili hesabu zilingane. Ndiyo maana nishati ya mwendo leo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi.

Hata hivyo, Julius Robert Mayer alipoandika juu ya uhifadhi huo mwaka 1842 alitumia neno la Kijerumani Kraft, yaani nguvu. Hermann von Helmholtz mwaka 1847 aliliweka neno hilohilo katika anwani ya insha yake mashuhuri juu ya uhifadhi. Michael Faraday naye mwaka 1857 alihutubia London juu ya uhifadhi wa nguvu. William Rankine alikwisha kutenga mwaka 1853 nishati iliyohifadhiwa kwa sababu ya mahali kitu kilipo na nishati iliyo katika utendaji, na katika miaka ya 1860 William Thomson na Peter Guthrie Tait waliieneza istilahi ya nishati ya mwendo. Tangu Leibniz hadi hapo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 170. Jiwe liliendelea kuanguka vilevile muda wote huo.

Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili kimeingia katika uwanja huu kikiwa na bahati ya kuikuta kazi hiyo imekwisha. Nchini Tanzania, ambako masomo ya shule za msingi yamefundishwa kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi husoma kani kwa maana ya kisukumacho au kivutacho, na nishati kwa maana ya uwezo wa kufanya kazi. Nguvu limeachiwa matumizi ya kawaida. Katika mazungumzo ya zamani neno kani lilihusu pia ushupavu na ukaidi wa mtu. Kulitwaa kwa kile kinachovibadili vitu mwendo wake ilikuwa hatua ya busara.

Nchini Kenya, magazeti na taarifa nyingi za serikali hutumia kawi pale Tanzania isemapo nishati. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi mbalimbali. Kawi limetokana na mzizi wa nguvu na uwezo, nishati limetokana na mzizi wa uchangamfu na utendaji. Kiarabu chenyewe, katika fizikia, hutumia quwwa, neno la mzizi wa kwanza, kwa kile ambacho Kiswahili kimekiita kani, na hutumia neno jingine kabisa, taqa, kwa nishati. Kwa kuzingatia asili tu, kawi limesimama palepale liliposimama Kraft la Mayer, upande wa nguvu, wakati nishati limesimama karibu na energeia la Young.

Haifai kudai kwamba asili ya neno ndiyo ihukumuyo matumizi yake. Neno la Young lenyewe lilikuwa tupu hadi Coriolis, Joule na Rankine walipolijaza, na kawi nalo laweza kujazwa vivyo hivyo. Hatari iko kwingine. Mwalimu anayesema katika sentensi moja kwamba nguvu ya uvutano huliangusha jiwe, na katika ya pili kwamba jiwe lina nguvu kubwa lifikapo chini, amemrudisha mwanafunzi katika chumba cha Mairan na du Châtelet. Nguvu ya kwanza ni kani, na haibadiliki tangu jiwe liachiwe. Ya pili yaweza kuwa momenta, yaweza kuwa nishati, na mwanafunzi hana la kumwongoza.

Kutokana na historia hii yafaa yashikwe mambo mawili na wanaounda istilahi. Kwanza, kila kiasi kinachopimwa kipewe jina lake, na fasili ya jina hilo itaje namna ya kukipima, kwa muda au kwa umbali, kabla ya kuzingatia uzuri wa neno. Pili, yapatikanapo majina mawili kwa kitu kimoja baina ya nchi jirani, kama kawi na nishati, madhara ni machache kuliko pale jina moja lipewapo vitu viwili. La kwanza humchosha mfasiri. La pili liliwafanya wanazuoni wa Ulaya wapigane zaidi ya nusu karne juu ya jiwe waliloliona wote likianguka.